Shajara ya siku 89: kanuni za watawa katika nyumba ya watu watatu

Siku ya 1

Jana mwezi ulikuwa mpevu, na nimeanza leo kwa makusudi. Watawa wa Kibuddha wa madhehebu ya Theravada huanza vasa, ile miezi mitatu ya kutulia mahali pamoja msimu wa mvua, kesho yake baada ya mwezi mpevu, kwa kawaida mwezi wa Julai. Ukihesabu kwa mwandamo, miezi mitatu ni kama siku 89, kwa hiyo na mradi wangu ni wa siku 89. Sinyoi kichwa, sihami nyumba, wala sijabadili dini. Nataka kujua jambo moja tu: katika mazoea ya kila siku ya watawa, yapi yanaweza kuishi kwenye nyumba yenye mke, mtoto wa miaka tisa na kazi ya ofisini?

Nimebandika karatasi kwenye mlango wa jokofu. Ina kanuni 14. Kuamka saa kumi alfajiri, kutafakari dakika 40 asubuhi na 40 usiku, kutokula baada ya saa sita mchana, kutosema neno la upuuzi, na kadhalika na kadhalika. Mke wangu kazisoma zote akiwa kasimama. Kisha akauliza karatasi itakaa pale mpaka lini, maana nimefunika ratiba ya shule.

Siku ya 2

Nimeamka saa kumi. Nimetafakari. Saa tano nimesinzia kikaoni.

Siku ya 4

Njaa ya mchana si kitu. Njaa yenyewe ni ya saa mbili usiku, wenzako wanapokula na wewe umejifungia chumbani unahesabu pumzi huku masikio yako yote mawili yako mezani. Nimesikia kijiko kikigonga sufuria nikajua wamefika chini.

Kati ya kanuni 14 leo nimeshika tisa.

Siku ya 6

Leo tatu. Na katika hizo tatu mbili ni zile ambazo hata mtu aliyelala anazishika.

Jioni mtoto amemwaga maji mezani nikamkaripia kama vile kachoma nyumba. Ni maji tu! Alinitazama, akachukua kitambaa akafuta bila kusema neno, na hilo ndilo lililoniuma. Alipokwenda kulala mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini: "Watawa hawali usiku kwa sababu hakuna anayewasubiri mezani. Wewe tunakusubiri."

Nimebandua karatasi.

Siku ya 7

Kabla ya kuutupa mradi wote nimerudi kusoma jinsi kanuni za watawa zilivyopatikana. Nilipaswa kuanza hapo.

Nilikuwa naamini Buddha alikaa siku moja akaandika mkataba wa kanuni 227, akawapa watawa wakaanza kuzifuata. Sivyo kabisa. Kumbukumbu za Vinaya, yaani maandiko ya kanuni za watawa, zinasimulia kwamba Sariputta, mwanafunzi wake mkubwa, alimwomba aweke kanuni mapema ili jumuiya idumu. Buddha akamjibu asubiri: kanuni zitawekwa makosa yatakapotokea. Miaka ikapita hivyohivyo. Kisha mmoja akakosea, ikawekwa kanuni. Mwingine akakosea kwa namna nyingine, ikawekwa ya pili. Kila kanuni ina kisa chake, nani alifanya nini, wapi, na watu walilalamikaje.

Kuna kipengele kimoja kilichonifanya niweke kitabu chini. Yule wa kwanza, aliyefanya jambo lililosababisha kanuni kuwekwa, hahesabiwi kuwa na hatia. Kanuni ilikuwa haijazaliwa bado.

Hata hii ya kutokula usiku ina kisa. Zamani watawa walikuwa wakizunguka na bakuli zao hata gizani. Usiku mmoja wa mvua mwanamke alikuwa nje akiosha chombo, radi ikamulika, akaona mtu kasimama mbele yake, akapiga yowe akidhani ni pepo. Kumbe ni mtawa anangoja chakula. Yule mama akamwambia heri ajipasue tumbo kwa kisu cha mchinjaji kuliko kuzurura gizani kwa ajili ya hilo tumbo. Sasa hapa kwangu nani anamtisha nani usiku? Niliichukua dawa ya ugonjwa wa nyumba ya wengine nikaja kuinywa mimi.

Naanza upya na kanuni sifuri.

Siku ya 9

Kanuni ya 1 imezaliwa, na kisa chake ni hiki. Mchana nimekula nimesimama kwenye sinki la ofisini, bakuli mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia. Nilikuwa nimejiwekea vipande viwili, kimoja nikakiacha cha mwisho kwa hamu. Nilipoinua macho bakuli lilikuwa tupu. Nikatazama sakafuni. Kweli kabisa, niliinama nikatafuta chini ya meza kipande ambacho kilikuwa tumboni mwangu tayari.

*Kanuni ya 1: Ukila, kaa. Mkono usioshika chakula usishike kitu.*

Na kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza, sina hatia. Sijawahi kufurahia kosa namna hii.

Siku ya 10

Nimemsomea mtoto baadhi ya zile kanuni 75 za adabu wanazofundishwa watawa. Nyingi zinahusu kula: usijaze mashavu, usiongee na chakula kinywani, usilambe mikono, usichungulie bakuli la mwenzako kwa nia ya kumtafutia kosa. Amecheka mpaka machozi. Kilichomaliza kazi ni hizi mbili. Kwa lugha ya Kipali, ile ya maandiko yao, kula kwa kupiga midomo kunaitwa *chapuchapu* na kunywa kwa kufyonza kunaitwa *surusuru*. Watawa wanaapa kwamba hawatakula chapuchapu. Nami nilidhani chapuchapu ni letu peke yetu, na maana yake ni haraka. Na kwa kweli ukila haraka ndivyo unavyosikika.

Tangu hapo mtu akifyonza mezani tunasikia "surusuru!" kutoka upande wa pili. Si kanuni ya nyumba, ni mchezo, lakini unafanya kazi kuliko karatasi yangu ya jokofuni.

Siku ya 12

Vikombe saba kwenye sinki. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwita mtoto, nikaamua kuvihesabu kwanza. Vitano ni vyangu, na kimoja kilikuwa na chai ya juzi.

Mtawa wa Theravada anahesabiwa vitu vinane: mavazi matatu, bakuli, mshipi, wembe, sindano na chujio la maji. Bakuli ni moja. Halipotei wala halirundikani, kwa sababu ukimaliza kula unaliosha, unalikausha, unaliweka. Mtu mwenye bakuli moja hana sinki lililojaa; hesabu tu inakataa.

*Kanuni ya 2: Kikombe kimoja, bakuli moja, na havilali vichafu.*

Vikombe vyangu vingine nimevifungia kabatini. Mke wangu amesema wageni wakija nitawaeleza mwenyewe.

Siku ya 15

Usiku wa mwezi usioonekana. Siku kama ya leo, na ya mwezi mpevu, watawa hukusanyika kusikiliza kanuni zote zikikaririwa. Ila kabla ya hapo kila aliyekosa humwendea mwenzake akaungama. Nilidhani ni jambo refu la machozi, kumbe lina maneno machache tu. Unasema kosa. Mwenzako anauliza, "Unaliona?" Unajibu, "Naliona." Anasema, "Basi siku zijazo ujizuie." Imekwisha.

Tumejaribu mezani, mimi na mke wangu, mtoto akiwa amelala.

"Jana na juzi nilikula nikisoma simu. Kanuni ya kwanza."

"Unaliona?"

"Naliona, ila jana bosi alikuwa…"

"Nimeuliza unaliona."

"Naliona."

"Haya. Jizuie."

Nilibaki nimekaa na ile "ila" yangu mdomoni haina pa kwenda. Hakuna hotuba, hakuna aliyenihurumia, na hakuna aliyenikumbusha mambo ya mwaka juzi. Katika ndoa yetu ya miaka 11 sidhani tumewahi kumaliza kosa kwa maneno machache namna hiyo.

Siku ya 17

Kengele. Katika jumuiya ya Plum Village, aliyoianzisha mtawa wa Vietnam Thich Nhat Hanh huko Ufaransa mwaka 1982, kengele ikilia kila mtu anasimamisha anachofanya, awe anatembea, anaosha vyombo au anaongea, anavuta pumzi tatu, kisha anaendelea. Nimeweka kengele kwenye simu ilie kila saa.

Siku ya 20

Kengele ya simu ni mtego. Inalia, naishika kuizima, nakuta ujumbe, najibu, nachungulia na habari. Pumzi tatu zimegeuka dakika 15. Leo nimeitoa na kuweka ile saa ndogo ya kuzungusha ya jikoni, ambayo haijui kufanya kitu kingine zaidi ya kulia. Jikoni inatosha. Ofisini nimechagua mlango wa choo uwe kengele yangu: kila ninapogusa kitasa, pumzi tatu. Hakuna anayeshangaa mtu akisimama kidogo mlangoni pa choo.

Siku ya 23

Hii ni ndefu, na sijivunii.

Kikaoni leo mwenzangu mmoja, mdogo kwangu kiumri na kikazi, ameonyesha jedwali lenye hesabu iliyokosewa. Nimesema pale pale, mbele ya watu tisa, kwamba kosa hili ni la mara ya tatu. Lilikuwa la mara ya tatu kweli. Niliona shingo yake ikishuka mabegani, kama kobe. Kikao kiliendelea, naye hakusema neno tena mpaka mwisho.

Njiani kurudi nilijitetea: nimesema kweli, na kusema kweli ni wema. Nyumbani nikakumbuka kwamba watawa wamewekewa masharti matano kabla ya kumkosoa mwenzao. Niseme kwa wakati wake, si wakati usiofaa. Niseme kweli. Niseme kwa upole. Niseme lenye faida. Niseme kwa moyo wa kumtakia mema. Nilijipima kwa unyofu. Kweli: ipo. Faida: ipo, hesabu ilipaswa kurekebishwa. Wakati: hapana. Upole: hapana. Na la tano ndilo lililonikalisha kitini. Sikusema kwa kumtakia mema. Nilisema kwa sababu bosi alikuwepo.

Mbili kati ya tano. Darasani hiyo ni kufeli.

*Kanuni ya 3: Kabla ya kukosoa, hesabu tano. Ikikosekana moja, subiri.*

Nimegundua pia kitu kuhusu hili neno "subiri". Masharti hayasemi ninyamaze milele. Mtawa anayeona kosa la mwenzake na kulifunika naye analaumiwa. Kesho nitamtafuta yule kijana, kwanza nimwombe radhi, halafu tukae na lile jedwali.

Siku ya 24

Nimemwomba radhi. Alisema "hamna shida, kaka", kwa ile sauti ya mtu mwenye shida. Jedwali tumelitengeneza pamoja. Kumbe fomula aliyopewa ndiyo mbovu, na aliyempa ni mimi.

Siku ya 29

Mwezi mpevu. Maungamo: kanuni ya 1 mara nne, ya 2 mara moja, ya 3 mara mbili. Mke wangu naye kaungama kosa lake, bila mtu kumwomba. Sitaliandika, ni lake.

Leo pia nimejaribu tena kuacha chakula cha jioni, safari hii kwa siku ya mwezi tu, kama wafanyavyo waumini wa kawaida wanaposhika kanuni nane siku hizo. Tofauti ni kwamba nimekaa mezani na wenzangu. Watawa wanaruhusiwa kunywa maji ya matunda yaliyochujwa hata baada ya mchana, basi nami nilikuwa na bilauri yangu. Njaa ilikuwepo ileile ya siku ya nne. Hasira haikuwepo. Mtoto alinisimulia mchezo wa mpira kuanzia dakika ya kwanza mpaka ya mwisho, na kwa kuwa sikuwa na cha kutafuna, nilisikiliza.

Siku ya 33

Kuhusu kutafakari kwenyewe: naketi dakika 20 asubuhi, mawazo yanakuja, nayarudisha kwenye pumzi, yanakuja tena. Ndivyo ilivyo. Nilidhani sehemu hii ndiyo ingejaza shajara.

Siku ya 34

Usafi. Katika monasteri za Zen, madhehebu mengine ya Kibuddha, kufagia na kupangusa si kazi ya maandalizi kabla ya ibada; ni ibada kama ilivyo kuketi. Baizhang, mwalimu wa China aliyefariki mwaka 814, aliendelea kulima hata uzeeni. Watawa wake walimwonea huruma wakamficha majembe. Akagoma kula. Siku bila kazi, alisema, ni siku bila chakula. Wakamrudishia majembe.

Nimesimulia hiki kisa mezani. Asubuhi ufagio haukuonekana. Nimeukuta chini ya kitanda cha mtoto. "Nakuonea huruma, baba, umezeeka." Nina miaka 38.

Kisa cha kanuni ya 4 ni cha jana lakini. Nilianza kusafisha jikoni saa tatu usiku, nikasema nipanguse na juu ya kabati, halafu nikatoa kila kitu kwenye droo, halafu nikakuta betri na nyaya nikaanza kuzipanga. Saa sita na nusu nilikuwa nimekaa sakafuni katikati ya vitu, jikoni chafu kuliko nilipoanza, na nimekasirikia familia nzima iliyolala kwamba haisaidii.

Kwenye Zen kengele inalia mnaanza, kengele inalia mnaacha. Umebakiza kona? Inabaki. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nililiona ni uzembe.

*Kanuni ya 4: Dakika 20 za usafi, wote watatu. Ikilia, weka ufagio chini.*

Siku ya 36

Kuanza ni rahisi. Kuacha! Leo saa imelia nikiwa nimefagia rundo langu vizuri, bado kulizoa tu. Mtoto akasimama mlangoni ananitazama. Nimeweka ufagio chini. Rundo lililala pale usiku kucha na mimi nililala nikilifikiria, na asubuhi ndilo la kwanza kuzolewa. Sasa najua ni mara ngapi nimesema "namalizia kidogo" nikala saa za watu wengine.

Siku ya 41

Mtoto ana homa. Usiku nimekula nimesimama, yeye begani, kijiko mkono wa pili. Nimevunja kanuni ya 1 yote, juu na chini.

Lakini Vinaya imejaa mambo haya, na hapa ndipo nilipoanza kuipenda. Chukua kanuni ya kuoga. Watawa walikuwa wakioga kwenye chemchemi za maji moto karibu na mji wa Rajagaha. Mfalme Bimbisara alifika kuoga, akasubiri kwa heshima wamalize, wao wakaoga mpaka giza likaingia. Alipomaliza yeye, malango ya mji yalikuwa yamefungwa. Mfalme akalala nje ya mji wake mwenyewe. Ikawekwa kanuni: mtawa asioge zaidi ya mara moja katika nusu mwezi.

Halafu joto likaja, wakashindwa kulala kwa jasho. Ikaongezwa: isipokuwa wakati wa joto. Akaugua mmoja: isipokuwa mgonjwa. Isipokuwa baada ya kazi. Isipokuwa safarini. Isipokuwa siku ya upepo na mvua, vumbi lilipowaganda. Na baadaye, kwa watawa wa majimbo ya mbali, ruhusa ya kuoga kila siku. Kanuni haikufutwa, ila kila mwili uliokuja na shida yake ukaachiwa nafasi.

*Kanuni ya 1, nyongeza: isipokuwa kuna mgonjwa nyumbani.*

Siku ya 44

Homa imepita. Maungamo ya leo yamechukua dakika tatu. Mtoto kaomba naye ashiriki. Kosa lake: alisema kapiga mswaki na hakupiga. "Unaliona?" "Naliona." "Jizuie." Akauliza kama ndiyo basi. Ndiyo basi. Akaenda kupiga mswaki bila kuambiwa.

Siku ya 52

Leo umefika mzigo, na humo ndani mna mto wa kutafakaria, kengele ya shaba na bakuli la mbao lenye kifuniko. Vyote nimeviagiza mimi, usiku, simu mkononi. Mradi wa kupunguza vitu umezaa vitu vitatu.

Mke wangu hakusema chochote. Aliweka bakuli jipya mezani, akaenda kuleta yale mengine.

Basi nikawaeleza kanuni ya bakuli. Bakuli la ziada linaweza kukaa na mtawa siku kumi tu. Na akijipatia jipya wakati la zamani halijafikia viraka vitano, analitoa mbele ya jumuiya. Hapo mkubwa kuliko wote anaweza kulichukua na kuliacha la kwake, anayemfuata anachagua kati ya yaliyobaki, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Bakuli linalobaki, ambalo hakuna aliyelitaka, ndilo anapewa mkosaji: hili ndilo lako, lishike mpaka livunjike.

"Tufanye," alisema mtoto.

Tukafanya. Mke wangu alichukua la mbao. Mtoto akachukua lile la mama lenye ua. Kilichobaki ni kibakuli cha plastiki cha mtoto alipokuwa na miaka miwili, kina picha ya bata iliyofutika kichwa. Nakula chakula changu humo tangu jioni hii.

*Kanuni ya 5: Kitu cha ziada kisipite siku kumi. Kitoke hicho au kitoke kingine.*

Mto na kengele nimewapa watu.

Siku ya 58

Ofisini wameuliza kuhusu bata.

Siku ya 63

Mama yangu ni mgonjwa. Nasafiri kesho alfajiri. Nilikuwa nafunga mkoba huku najilaumu kwamba nakatisha vasa, kama kwamba hilo ndilo la kufikiria wakati huu. Ila nimefungua tena kitabu cha kanuni, na jibu lipo: mtawa aliye kwenye vasa anaruhusiwa kutoka hadi siku saba kwa haja ya kweli, na kuugua kwa mama au baba ni miongoni mwa haja zilizotajwa. Mama asipoita aende. Na akiita, basi zaidi.

Siku ya 69

Nimerudi, siku ya sita. Anaendelea vizuri, anakula. Siku zote nilizokuwa huko sikushika kanuni hata moja kwa kukusudia, wala sikuketi kutafakari. Lakini usiku wa tatu nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda nikimlisha, kijiko kwa kijiko, na nikagundua kwamba simu yangu sijui iko wapi.

Siku ya 74

Maungamo. Kanuni ya 3, mara moja, kwa simu, na fundi. Naliona.

Siku ya 80

Desturi nyingine ambayo nimekuja kuikumbuka kwa kuchelewa. Kule Plum Village, na katika mila za Asia Mashariki kwa jumla, watawa wana vibeti vifupi vya kila tendo: kuamka, kufungua maji, kuvaa, kuwasha taa. Nilijaribu kutafsiri viwili, vikatoka vimekakamaa. Nikaacha, nikatunga cha kwangu cha kuosha bakuli:

*Bakuli langu la bata, maji na yakupitie,*
*lililopita lipite, kesho tena nikujie.*

Mtoto anasema mizani iko sawa ila bata hana kichwa, nimtaje. Tunaendelea kulijadili.

Siku ya 86

Naona najivuta kuelekea mwisho. Nimejikuta nahesabu siku tatu zilizobaki kama mfungwa. Nimeandika hapa ili nilione.

Siku ya 89

Mwezi mpevu. Watawa hufunga vasa kwa pavarana. Badala ya kukariri kanuni, kila mmoja anawaalika wenzake wamwambie kosa lolote waliloliona, walilolisikia au wanalolishuku. Na anaanza mkubwa. Huyo mzee wa wote, ambaye hakuna anayethubutu kumgusa, ndiye anayepiga magoti wa kwanza.

Nimepiga magoti, hapo kati ya meza na jokofu. Nikasema: kama mmeona, mmesikia au mnashuku, niambieni kwa huruma, nami nikiliona nitarekebisha.

Mtoto: "Nimesikia. Ukiwa kwenye simu na bibi unamwambia unakula vizuri, na mama amesema hukula mchana."

Naliona.

Mke wangu kakaa kimya kwanza. "Nimeona," akasema, "unatusikiliza zaidi. Hilo si kosa, ila nimeona. Ninachoshuku ni kwamba kila tunachosema siku hizi unakiandika."

Naliona.

Kisha naye akapiga magoti pembeni yangu, akaalika. Nilikuwa na orodha. Sitasema uongo, nilikuwa nayo kichwani tangu siku ya 30, imepangwa kwa namba. Nilianza kuhesabu tano: wakati, kweli, upole, faida, na ile ya mwisho. Moja baada ya moja zikaanguka. Lilibaki moja nikalisema, dogo, kuhusu namna anavyozima taa ya jikoni wakati mimi bado nimo humo.

"Nashuku unajua nimo," nikaongeza.

Alicheka mpaka akaegemea jokofu. "Najua umo," akasema. "Namaanisha njoo ulale."